Gharama ya Askari Waliochelewa



Katika mazungumzo yetu juu ya amani tumezoea kuuliza iwapo ni halali kutuma askari. Leo twaomba tutafakari swali jingine lisiloulizwa mara nyingi: wakishaamriwa kwenda, watasafirije, kwa fedha za nani, na watafika lini? Laonekana kuwa swali la makarani. Yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 yatufundisha kwamba ni swali la uhai wa watu.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Siku chache baadaye ndege za kijeshi za Ufaransa na Ubelgiji zilitua Kigali kuwahamisha wageni. Ndege, basi, zilipatikana. Lakini tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza kikosi chake kilichokuwa Rwanda hadi watu 270. Tarehe 17 Mei likageuza uamuzi, likapitisha azimio namba 918 la kupeleka askari 5,500. Serikali 19 zilikuwa zimeahidi kuweka askari tayari kwa kazi kama hiyo. Hakuna hata moja iliyokubali kuwatoa. Nchi kadhaa za Afrika zilijitolea, ila hazikuwa na magari ya deraya wala ndege za kuwasafirisha watu wao.

Na tuzipime njia zilizokuwapo. Meli hubeba mizigo mizito kwa bei nafuu, lakini kutoka Ulaya hadi Mombasa au Dar es Salaam ni safari ya majuma, na kutoka bandarini hadi Kigali zimebaki zaidi ya kilomita 1,400 za nchi kavu. Ndege hufika kwa saa chache. Hata hivyo gari moja la deraya la kubebea askari lina uzito wa tani zipatazo 11, na ndege moja haichukui mengi, hivyo gharama hupanda sana. Tena Kigali ilikuwa vitani. Ilibidi mzigo ushushwe Entebbe, nchini Uganda, kisha upakiwe kwenye malori hadi Rwanda. Kila njia ina hasara yake, nasi hatumlaumu mtu kwa kupiga hesabu.

Tunachokilaumu ni hesabu isiyokamilika. Umoja wa Mataifa uliomba magari 50 ya deraya kutoka Marekani. Majuma yakapita katika majadiliano juu ya masharti ya kuyakodisha na juu ya nani alipie usafiri. Magari ya kwanza yalifika Entebbe mwishoni mwa Juni. Katika mwezi huohuo, tarehe 22, Ufaransa ilipewa idhini ya kupeleka askari wake, nao wakaingia Rwanda kupitia Zaire katika muda wa siku chache. Nia ya ujumbe huo ingali inabishaniwa hadi leo; lililo wazi ni kwamba penye utashi njia ilipatikana. Tarehe 25 Julai, zaidi ya miezi miwili baada ya azimio, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na askari 550 tu, sehemu moja ya kumi ya walioidhinishwa. Kufikia hapo watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameuawa.

Hatudai kwamba magari 50 yangeyazuia yote. Twasema kwamba kila siku ya kusubiri ilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikuandikwa katika ankara yoyote, kwa sababu waliokuwa wakiilipa hawakualikwa mezani. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo; hapa iliangamiza familia nzima.

Kwa hiyo, ndugu, serikali zetu zinapotangaza kupeleka au kupokea askari wa kulinda amani, tusitosheke na idadi iliyotajwa. Tuwaulize wabunge wetu: usafiri umekwisha kupatikana? Nani anaulipia? Kikosi kitafika tarehe gani, na hadi siku hiyo ni nani atakayewalinda raia? Ahadi isiyo na majibu hayo huwapa wanaoteswa tumaini la bure, na huenda wakangoja mahali ambapo wangalikuwa wamekimbia.