Safari ya Ndugu Wawili: Kutoka Baraka hadi Dzaleka

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa shule ya msingi mbele ya mkutano wa jumuiya, tarehe 20 Juni 2025)



Awali ya yote tunaishukuru kamati kwa kutupa nafasi ya kusema machache katika Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Kamati ilituomba tuzungumze juu ya safari yetu. Tunaposema "sisi" tuna maana ya watu wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: mkubwa, ambaye ndiye mwalimu anayesimama mbele yenu, na dada yake mdogo, ambaye ameketi pale upande wa akina mama. Maneno haya tumeyatayarisha pamoja. Pale tulipokumbuka tofauti, tumeweka yale tu ambayo wote wawili tunayakubali.

Mtauliza, ni nani kati yetu hapa asiyekuwa na safari yake? Ni kweli. Lakini kuna sababu ya kuisimulia hii mwaka huu. Tangu mji wa Bukavu ulipotekwa mwezi Februari 2025, tunawaza sana juu ya watoto wanaotembea njia zile tulizotembea sisi. Hata shuleni kwetu wapo watoto walioletwa na kaka au dada, bila mzazi. Na wakati huo huo wapo vijana wakubwa wanaozungumza jioni kwamba wataondoka kwenda kusini, na wengine wanataka kuondoka pamoja na wadogo zao. Kwa hao wote tunayo maneno.

Sisi tuliondoka nyumbani mwezi Julai 2015. Mkubwa alikuwa na miaka 26, amemaliza chuo cha ualimu na kufundisha miaka miwili. Mdogo alikuwa na miaka 14. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alibaki kumtunza bibi, ambaye hakuweza kutembea tena. Aliuza cherehani yake, akagawa zile dola sehemu mbili, akaushonea kila mmoja wetu fungu lake ndani ya nguo. Kisha akasema: "Mkifika wawili, mmefika. Akifika mmoja, hakuna aliyefika." Hakusema zaidi ya hayo, na sisi hatukumwuliza.

Tulipanda boti usiku kutoka Baraka. Ziwa Tanganyika, wanafunzi wetu mnajua, lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafikia mita 1,470. Katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Mambo hayo mkubwa alikuwa ameyafundisha darasani mara nyingi, lakini usiku ule hakuyataja. Tulifika Kigoma. Miezi miwili tu kabla yetu, mwezi Mei, maelfu ya ndugu zetu Warundi walikuwa wamekusanyika ufukweni Kagunga, na meli ya Liemba ikawa inawachukua hadi Kigoma. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita vya kwanza, ikaopolewa mwaka 1924. Chombo cha vita kilikuwa kinaokoa watu waliokimbia vita.

Tungeweza kubaki Tanzania. Lakini mjomba wetu alikuwa hapa Dzaleka, na mama alitaka tuwe chini ya macho ya mtu wa ukoo. Kwa hiyo mbele yetu kulikuwa na kilomita 1,500 hivi za barabara: Kigoma, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Tukuyu, hadi mto Songwe, kisha Karonga, Mzuzu, Kasungu, hadi Dowa.

Kigoma ndipo tulipogundua kwamba Kiswahili chetu kinatutangaza. Tulipouliza juu ya "makuta" watu walicheka, maana kwao ni pesa. Tulipoomba "ndagala" tulipewa dagaa, na ni samaki yule yule. Hapa Malawi tumemkuta ndugu yake anaitwa usipa. Mdogo ndiye aliyekuwa mwepesi wa kusikiliza. Siku ya pili tu alikuwa akinunua chakula sokoni kama mtoto wa pale pale, na tangu hapo kazi ya kuuliza bei na njia ilikuwa yake. Mkubwa mwenye cheti cha ualimu alinyamaza nyuma yake na mizigo.

Kutoka Uvinza hadi Mpanda barabara ilikuwa ya vumbi, na basi liliharibika mara mbili. Kufika Mpanda mdogo alikuwa na homa kali ya malaria. Basi la kwenda Sumbawanga lilikuwa linaondoka alfajiri na nauli tulikuwa tumekwisha kulipa. Kondakta alituonea huruma kwa namna yake, akasema: "Mwache binti kwa mama ntilie huyu, wewe tangulia, atakufuata akipona." Mama ntilie mwenyewe alikuwa mtu mwema, na alikuwa tayari. Hata mdogo, akitetemeka, alisema, "Yaya, nenda, nauli itapotea."

Nauli ilipotea. Tulikaa Mpanda siku nne. Tulilala katika banda la kupikia la mama yule, tukamchotea maji na kumkatia kuni, naye hakutaka senti yetu hata moja. Dawa tulinunua kwa pesa zilizoshonwa katika nguo ya mdogo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu vijana wengi hupanga safari kwa hesabu ya nauli tu. Hesabu ya safari ni nauli, na ugonjwa, na siku nne za kungoja. Asiyeweza kulipa siku nne za kungoja ataambiwa amwache mwenzake, na atakayemwambia hivyo anaweza kuwa mtu mzuri kabisa.

Baada ya Mpanda barabara inapita katika hifadhi ya Katavi. Tuliona viboko wengi mtoni Sitalike, na mbung'o waliingia ndani ya basi, abiria wote wakawa wanapigana nao kwa kanga na kofia. Mdogo alicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Baraka. Sumbawanga tulikuta baridi ya mwezi wa saba ambayo hatukuijua kwetu ziwani. Tulikuwa na blanketi moja.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe tulilotaka kusema. Katika kizuizi kimoja kabla ya mpaka, afisa alipanda ndani ya basi kukagua karatasi. Mkubwa alikuwa na kadi ya mpiga kura ya Kongo. Mdogo hakuwa na umri wa kadi. Alikuwa na karatasi ya alama za shule tu, yenye jina lake na mhuri. Afisa akasoma majina mawili, akatazama nyuso mbili, akasema: "Huyu si dada yako. Majina hayafanani."

Ninyi mnaotoka kwetu mnajua. Kwetu Kongo watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Mmoja amepewa la babu upande wa baba, mwingine la nyanya upande wa mama, na hakuna anayeona ajabu. Lakini mbele ya afisa ambaye kwao watoto huchukua jina la baba, tulikuwa mwanamume wa miaka 26 na msichana wa miaka 14 asiye wake, wakisafiri mbali na kwao.

Alituteremsha, basi likangoja. Alimpeleka mdogo upande mmoja wa kibanda, akamwita "binti yangu," akampa maji ya kunywa. Kisha akaanza kuuliza, kwanza huyu, halafu yule, maswali yale yale. Mama wa mama yenu anaitwa nani? Nyumba yenu mlango ulitazama wapi? Baba alizikwa siku gani ya juma? Mama yenu ana alama gani mwilini?

Mlango ulitazama ziwa. Baba alizikwa Jumatano. Mama ana kovu mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mafuta ya moto yalimmwagikia alipokuwa akikaanga samaki. Kila mmoja alijibu peke yake, bila kumsikia mwenzake. Afisa alirudisha karatasi zetu akasema, "Nendeni. Ni ndugu." Alitwambia pia kwamba wiki ile alikuwa amewateremsha wasichana wawili waliokuwa na "kaka" ambaye hakujua hata kijiji chao.

Siku ile tulikuwa na hasira naye. Leo tunamwombea heri. Alifanya kazi ambayo tungependa kila afisa aifanye.

Yaliyobaki ya njia ni mafupi. Tulishuka Tukuyu penye chai na migomba, tukavuka Songwe, na Karonga tukasikia Kingonde kinachokaribiana sana na Kinyakyusa tulichokiacha ng'ambo ya mto. Tulipanda matola tukiwa na ziwa Malawi upande wa kushoto, tukakwea kona za Chiweta, tukapita misonobari ya Chikangawa. Tulifika hapa siku ya kumi na tatu tangu Kigoma. Mjomba alitupokea, Mungu amrehemu. Mahali hapa palikuwa gereza, mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa kambi. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumezidi 50,000. Hatuwezi kumlaumu kijana anayesema pamembana.

Kwa hiyo, vijana, hatusimami hapa kusema "msiondoke kamwe." Sisi wenyewe tuliondoka, na kuondoka kulituokoa. Mwaka jana mmoja wetu aliitwa na marafiki aende kusini, tukajadiliana usiku tatu. Lakini tazameni njia mnayoitiwa. Tarehe 24 Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, lori lililotoka upande huu wa Malawi lilisimamishwa. Ndani ya kontena walikutwa watu 64 wamekufa kwa kukosa hewa, na 14 walio hai. Mwezi Oktoba 2022, katika msitu wa Mzimba, lilipatikana kaburi la pamoja. Miili 25 ilifukuliwa, na mingine ikaonekana baadaye. Katika basi letu, mdogo alipougua, tuliweza kushuka. Ndani ya kontena mlango unafungwa kwa nje. Hakuna anayeweza kusema, "simamisha, dada yangu ameugua." Yeyote anayekuitia safari ambayo huwezi kushuka, usimpe mdogo wako, na wewe mwenyewe usijitoe.

Na kwa wazazi na walezi tuna ombi moja dogo. Sisi tuliokolewa na kovu la mama na mlango uliotazama ziwa. Watoto wengi waliozaliwa hapa kambini hawajui mlango wa nyumba ya babu ulitazama wapi. Hawajui jina la nyanya zaidi ya "nyanya." Wakitenganishwa na ndugu zao, watajibu nini?

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, walimu watakuwa katika darasa la sita na daftari. Kila mtoto aje na mkubwa wake. Tutaandika jina la kila ndugu wa tumbo moja, hata kama majina hayafanani, majina ya wazazi na wazazi wao, kijiji, na alama ambazo ndugu tu huzijua. Nakala moja itabaki kwa familia, mtoto aisome mpaka aikariri. Hamtalipa kitu, ila mje na kalamu kama mnayo. Na ninyi mliopokea watoto wa watu wengine, njoni nao pia. Kama kuna kaka mkubwa anayejua jina la mama yao, na aliandike kabla hajaanza kazi nyingine yoyote wiki hiyo.

Mama yetu bado yuko hai. Kwa simu huwa anauliza swali moja kabla ya salamu: "Mko wawili?" Tunamjibu kwamba tuko wawili.