Wadudu Katika Sukuma Wiki

Bustani zetu za kando ya Turkwel ziko katika jua kali. Sukuma wiki ikikosa maji hudhoofika, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, huizidi nguvu.

Kila asubuhi geuzeni majani, mtazame chini yake. Vidukari wakiwa wachache, wapondeni kwa vidole. Wakiwa wengi, chumeni majani yaliyojikunja, mwape mbuzi. Mdudu mwekundu anayeng'aa, mwenye madoa meusi, mwacheni. Huyo hula vidukari.

Lakini jamani, msinyunyizie mboga dawa ya kuogeshea mbuzi! Ile ni sumu. Kuosha mboga hakuiondoi yote. Afadhali kupoteza majani kuliko mtoto kuugua.