Kuruka na Kutua: Goti Lililopasuliwa

Chukueni madaftari na kalamu, maana leo tutapiga hesabu. Somo letu ni juu ya kijana mchezaji aliyepasuliwa goti, na linawahusu hasa wazazi na walimu wa michezo.

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ukano wa mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Mchezaji akigeuka ghafula, au akiruka na kutua vibaya, ukano huo huweza kukatika. Daktari humtengenezea mwingine, mara nyingi kwa kipande cha ukano kinachotolewa katika mguu wake mwenyewe.

Miezi inapita. Kovu limekauka, uvimbe umekwisha, kijana anakimbia. Anakuambia, "Mama, nimepona. Jumamosi nacheza." Utamjibu nini?

Usimjibu kwa kutazama kovu. Kwanza hesabu miezi. Utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, mpaka kufika miezi 9, uliipunguza hatari ya goti kuumia tena kwa nusu hivi.

Pili, apimwe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwambia aruke mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu ule ule. Tuseme kwa mguu mzima anaruka sentimita 150, na kwa mguu uliopasuliwa sentimita 120. Gawanya 120 kwa 150, kisha zidisha kwa 100. Umepata ngapi? Ni 80 kwa mia. Wataalamu wengi hutaka angalau 90 kwa mia. Basi kijana huyu bado hajafika. Ilimpasa aruke sentimita 135.

Lakini jihadhari! Hesabu hiyo yaweza kukudanganya kwa njia mbili. Njia ya kwanza: katika miezi ya kupumzika, hata mguu mzima hupungua nguvu. Ukilinganisha mguu dhaifu na mguu uliodhoofika, utadhani mambo yako sawa. Njia ya pili: katika kuruka mbali, nyonga na kifundo cha mguu hufanya kazi kubwa kuliko goti. Kazi kubwa ya goti ni wakati wa kutua. Kwa hiyo kijana aweza kuruka mbali, na huku goti lake bado linakwepa mzigo.

Basi usitazame tu alipofika, tazama anavyotua. Mtaalamu humsimamisha juu ya sanduku lenye kimo cha sentimita 30 hivi, akamwambia ashuke kwa miguu miwili, kisha aruke juu mara moja. Tazama mambo manne:

1. Je, miguu yote miwili inagusa chini pamoja? Sikiliza pia: ni kishindo kimoja au viwili?
2. Je, magoti yanakunjika sawasawa, au moja linabaki limekakamaa?
3. Je, goti linaingia ndani kuelekea goti jingine?
4. Je, kiwiliwili kinaegemea upande wa mguu mzima?

Haya si mambo madogo. Huko Cincinnati, Marekani, watafiti waliwapima hivyo wachezaji 56 waliokwisha kutengenezwa ukano. Katika miezi 12 iliyofuata, 13 kati yao walikatika ukano tena. Goti kuingia ndani, na magoti kutolingana katika kutua, zilikuwa baadhi ya dalili za hatari. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2010. Tena si lazima ukatike ukano wa goti lile lile. Waweza kukatika wa mguu uliokuwa mzima.

Sasa onyo. Usimrushe kijana nyumbani kabla mtaalamu hajatoa ruhusa. Tena jicho peke yake halioni yote. Kazi yako ni kutazama, kumwarifu mtaalamu, na kumpa kijana moyo wa kungoja. Jumamosi moja ya kukaa nje ya uwanja si hasara kama kupasuliwa mara ya pili.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Mguu mzima unaruka sentimita 160, uliopasuliwa 136. Ni ngapi kwa mia? Je, yatosha?
2. Kwa nini haitoshi kupima urefu wa kuruka tu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.