Kupima Kabla ya Kubadilisha: Injini Inayotetemeka Ikiwa Sailensa

Mada kwa semina ya mafundi wa gereji ndogo



Malalamiko yenyewe mnayajua. Gari likiwa kwenye mwendo halina neno. Likifika kwenye foleni ya Mwenge na kusimama, usukani unatikisika, mshale wa RPM unacheza, na dereva anashikilia mafuta kidogo kwa mguu lisizime. Analileta gereji. Anaondoka na plagi mpya. Baada ya siku chache anarudi, anafungiwa koili. Akirudi tena anaambiwa ni sensa ya hewa, anatumwa Ilala kutafuta ya mtumba. Pesa imekwenda, mtetemo uko palepale.

Wengi husema tatizo ni mafundi kutosoma, au kukosa mashine. Mimi naona tatizo liko kwenye malipo yetu. Mteja wa mtaani hamlipi fundi kwa kupima, anamlipa kwa kufunga. Fundi akitumia saa nzima kutafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, kisha akauziba, atalipwa pesa ya soda. Akifunga koili atalipwa ufundi, na dukani atapata chake. Katika hali hiyo nani atapima? Nitalirudia hili mwishoni, lakini kwanza tuone kwamba kupima kwenyewe si kazi ngumu.

Nitatumia injini ya 1NZ-FE ya Toyota kama mfano kwa kuwa ndiyo imejaa mikononi mwetu: IST, Probox, Premio, Allion na Spacio za miaka ya 2000. Ni silinda nne, sentimita za ujazo 1,497, kila plagi ina koili yake juu, na mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ikishapata moto, sailensa yake iko kwenye mizunguko 650 kwa dakika hivi. Kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo injini nzima inawaka kama mara 22 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa kuwaka hapo, pengo linasikika mpaka kwenye kiti. Kwenye mizunguko 3,000 injini inawaka mara 100 kwa sekunde, na uzito wa flaiwili unalimeza pengo hilo. Ndiyo maana mteja anaapa kwamba gari likikimbia limepona. Halijapona, limejificha tu.

Swali la kwanza, kabla spana haijaguswa, ni hili: inamisi silinda moja, au injini nzima imekosa utulivu? Majibu mawili haya yana njia mbili tofauti, na anayezichanganya ndiye anayebadilisha kila kitu.

Washa injini ipate moto, kisha chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine. Ukichomoa na sailensa ikashuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na injini isijali, umempata mgonjwa. Napenda kuchomoa nozeli kuliko koili, kwa sababu ukizima cheche na kuacha petroli inaingia, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye katalisti ya ekzosi. Tuseme aliye kimya ni silinda ya tatu. Sasa hamisha koili ya tatu uipeleke ya kwanza, na ya kwanza uilete ya tatu. Usihamishe kingine chochote. Kumisi kukihamia silinda ya kwanza, koili ndiyo mbovu na hujatumia hata shilingi. Kusipohama, rudia hivyohivyo kwa plagi.

Hapo kwenye plagi naomba tukae kidogo. Ikishatoka, ifute na uigeuze polepole kwenye mwanga wa jua. Tazama kauri nyeupe, si ncha peke yake. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, unaoshuka kutoka juu kuja kwenye chuma, hiyo ni njia ambayo cheche imekuwa ikipita nje badala ya kuruka ndani ya silinda. Mpira wa koili utakuwa na alama inayolingana nayo kwa ndani. Ukibadilisha plagi ukauacha mpira ule, mstari utazaliwa upya. Na ukikuta tundu la plagi limejaa oili, usifunge chochote kipya mpaka gaskiti ya tapeti kava ibadilishwe, maana oili hiyo itaulainisha na mpira mpya pia. Kuhusu plagi za iridiamu za bei ya kutupa: ya kweli ina ncha nyembamba sana, chini ya milimita moja, iliyochomelewa nadhifu. Ukiona ncha nene iliyopakwa rangi ya fedha, mrudishie mwenye duka. Nafasi ya cheche kwa injini hii ni kama milimita 1.1, na ncha ya iridiamu haipigwipigwi wala haikunjwi kwa bisibisi.

Koili nzima, plagi nzima, silinda bado kimya? Weka bisibisi ndefu kwenye nozeli na sikio kwenye mpini. Lazima isikike ikigonga. Isiposikika, pima nyaya zake kabla ya kuihukumu. Ikigonga vizuri, nenda kwenye kompresheni. Toa plagi zote nne, kata mafuta, fungua throtoli mpaka mwisho, betri iwe na nguvu, ndipo upige stata. 1NZ-FE nzima hutoa karibu psi 213. Chini ya 156 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Silinda iliyo chini imiminie oili kijiko kimoja, upime tena. Ikipanda, ringi. Ikikaa palepale, tazama valvu au gaskiti ya silinda hedi.

Sasa upande wa pili: silinda zote zinawaka lakini injini haitulii. Hapa mshukiwa wa kwanza ni hewa, na kifaa changu ni geji ya vakyumu, kitu cha bei ndogo ambacho gereji nyingi hazina kabisa. Ukiiunga kwenye manifoldi hapa Dar es Salaam, injini nzima ikiwa sailensa itasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na mshale utatulia. Mshale uliotulia chini ya hapo unaashiria hewa inavuja au taimingi imechelewa. Mshale unaoruka kwa mpigo uleule unakurudisha kwenye silinda moja. Wenzetu wa nyanda za juu wakumbuke kwamba kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban inchi moja. Fundi wa Mbeya, aliye mita 1,700 juu ya bahari, akisoma 14 asifungue silinda hedi ya mtu. Hiyo ni hali ya hewa ya kwao.

Kutafuta uvujaji, bana mipira kwa koleo mmoja mmoja: wa hydrovaki ya breki, wa PCV, midogo yote. Sauti ikibadilika ulipobana, umefika. Kwenye gaskiti ya manifoldi nyunyiza maji kidogo kidogo, usikilize. Nasema maji. Kuna wanaomwaga petroli juu ya injini ya moto, na sitaki kuuona mchezo huo hapa. Mjue pia kwamba gari linalopima hewa kwa sensa iliyo karibu na eya klina, kama IST, likivuja hewa litakosa mafuta na kutetemeka. Corolla za zamani za 5A-FE, zinazopima mgandamizo wa manifoldi, mara nyingi sailensa yake hupanda juu. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Throtoli chafu isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini, pamoja na njia ya valvu ya sailensa. Throtoli ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, na baada ya kusafisha uipe kompyuta muda ijifunze upya. Kisha kuna VVT-i, ambayo wengi huiruka. Oili ikiachwa ikageuka uji mweusi, valvu inayoongoza VVT-i inakwama na kichujio chake kinaziba. Kemu ya kuingizia hewa ikibaki mbele wakati wa sailensa, gesi iliyoungua inarudi kwenye manifoldi na injini inatetemeka, huku plagi na koili zikiwa nzima kabisa.

Mashine? Inasaidia, ila vile visomaji vidogo vya bluetooth mara nyingi havielewani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile unaweza kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, ukahesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Tundu la 16 usiliguse, lina umeme wa betri muda wote. Mashine ikisoma vizuri, usiishie kwenye kodi ya hitilafu. Tazama asilimia ya mafuta yanayoongezwa. Ikiwa 20 kwenye sailensa na kushuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hewa inavuja. Ikizidi kupanda kadiri gari linavyobeba mzigo, tazama pampu, filta au sensa ya hewa yenye uchafu.

Mawili kwa haraka. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, kwa hiyo ukisikia mteja anasema shida ilianza siku ile alipojaza tangi, chukua sampuli kwenye chupa safi na uiache itulie. Maji yatakaa chini. Na gari la otomatiki linalotetemeka kwenye D ukiwa umekanyaga breki, likatulia kwenye N, geji ikiwa imetulia kote, tazama maunti za injini kwanza.

Narudi kwenye pesa. Napendekeza kila gereji itoze ada ya kupima, itajwe kabla boneti haijafunguliwa, na mteja apewe karatasi yenye namba: kompresheni ya silinda zote nne, vakyumu, silinda iliyokuwa kimya, kilichohamishwa na kilichotokea. Akitaka kwenda kutengeneza kwingine, aende na karatasi yake. Atakayelalamika ni yule aliyezoea kupimiwa bure na kununua koili tatu. Ada iwe kiasi gani, tukubaliane wenyewe kwenye kikao cha alasiri.

Nje kuna IST yenye hitilafu moja niliyoiweka asubuhi. Gawanyikeni makundi manne. Geji ziko mezani, plagi mpya sijaleta.