Aliyesomea Watoto Wadogo Afanye Kazi Wapi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)



Tukitembelea vikundi tunaulizwa swali lile lile. Binti amesomea elimu ya watoto wadogo, ng'ombe aliuzwa, karo ikalipwa, cheti kikaja, na sasa kimelala sandukuni. Binti anangoja kaunti itangaze nafasi za nasari. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, elimu ya chekechea iko mikononi mwao. Nafasi zikitangazwa ni chache na waombaji ni wengi. Basi mzazi anasema, "Kumbe ng'ombe wangu alienda bure!"

Sisi tunasema hakwenda bure. Hebu tuulizane, binti huyu alisoma nini hasa? Alisoma jinsi mtoto anavyokua tangu kuzaliwa mpaka kufika miaka 8 hivi: chakula chake, usemi wake, michezo yake, hofu zake, na dalili za kwamba mahali fulani pana shida. Ujuzi huo hauhitaji ubao wala chaki ndipo ufae.

Hapa kwetu Gusii kazi ya kulea ilikuwa na mwenyewe. Mama akienda shamba, mtoto alibebwa na omoreri, mara nyingi dada yake mdogo tu wa miaka sita hadi kumi. Mtaalamu wa Marekani, Robert LeVine, aliyefika huku kwanza miaka ya 1950, aliandika habari hizo pamoja na wenzake, na kitabu chao kimoja kilitoka mwaka wa 1994. Lakini wazee waliopo hapa hawahitaji kitabu. Wengine mlibebwa na omoreri, na wengine mlikuwa omoreri wenyewe.

Sasa yule dada yuko shuleni. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka wa 2003, watoto wengi zaidi waliingia darasani, na hiyo ni haki yao. Lakini mama bado anachuma majani chai. Je, mdogo yuko wapi? Yuko mgongoni mama akiinama, au ameachiwa nyanya ambaye macho yamefifia. Siku ya soko, Daraja Mbili au Keroka, yuko chini ya meza ya ndizi na pikipiki zinapita karibu na miguu yake. Nafasi ya omoreri iko wazi, jamani, na tunao waliosomea kazi yenyewe wamekaa nyumbani.

Kwa hivyo kikundi kinaweza kuwa mwajiri. Tupige hesabu kidogo. Tuseme akina mama 15 wa soko wanalipa shilingi 50 kila mmoja kwa siku. Hizo ni 750. Soko likiwa na siku mbili kwa wiki, ni 1,500. Huo si mshahara, tusidanganyane. Lakini siku zingine awe kwenye kituo cha kupimia majani, au kanisani ambako chumba cha Sunday school hukaa kimefungwa Jumatatu mpaka Jumamosi. Na kikundi kiongeze kitu kutoka kwenye mzunguko. Kabla ya kufungua mlango, ulizeni ofisi ya kaunti na afisa wa watoto habari za usajili, kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulea watoto chini ya kaunti.

Msimfanye yaya wa kila mtu. Tumeona mahali mlezi anaambiwa afue nguo, achote maji, apike uji wa mkutano, na mwisho wa mwezi anapewa "asante". Ikiwa mnamtaka kwa ujuzi wake, mlipeni kwa ujuzi wake na muandike mapatano.

Jambo hili si geni Kenya. Kule Mombasa, mwaka wa 1986, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza wanawake wa vijijini kuendesha chekechea za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Kamati za kijiji ndizo zilizosimamia, na vifaa vya kuchezea vilitoka pale pale walipo. Kazi hiyo ilivuka mpaka Zanzibar na Uganda, na ikahitaji wakufunzi wa kuwatembelea na kuwaongoza wenzao. Mtu aliyesomea watoto akawa mwalimu wa watu wazima!

Kuna milango mingine. Watoto waliolazwa hospitali wanahitaji mtu wa kucheza nao. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanahitaji mwenzao anayejua kueleza wazazi malezi. Tabaka kuna wachongaji wa mawe. Wakishirikiana na mtu anayejua mtoto, watatengeneza vitu vya kuchezea visivyo na ncha kali wala udogo wa kumezwa, na watoto wakae mbali na vumbi la kuchongea. Hadithi za Ekegusii za watoto nazo, nani anaziandika?

Tahadhari mbili, tatu. Msiwatume mabinti kusoma wakitumaini kazi ya makao ya mayatima, kwa kuwa mwaka wa 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kazi itakuwa ya kusaidia familia hizo. Akija wakala na habari za kulea watoto Uarabuni, ulizeni kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na kabla ya kuuza ng'ombe, ulizeni chuo mtihani wake unatungwa na nani na cheti kinatolewa na nani. Binti akitaka darasa baadaye, atahitaji kusajiliwa na TSC, na cheti cha vichochoroni hakitamfikisha huko.

Mkirudi nyumbani, kila kikundi kihesabu watoto wa chini ya miaka minne wa wanachama wake, na kiandike majina ya waliosomea kazi hii kijijini. Leteni karatasi hizo kwenye mkutano ujao, pamoja na kiasi ambacho kila mama anaweza kulipa kwa siku. Tutakaa chini na kila kikundi tupige hesabu yake.