Paa la Zamani Linapovuja



Masika yanapoanza, wengi huona doa la kahawia darini na kukimbilia rangi au dari mpya. Tunawasihi msianzie hapo. Maji yakishapenya bati hutambaa juu ya papi na kenchi kabla ya kudondoka. Hivyo tundu laweza kuwa mbali na doa, upande wa juu wa mteremko. Na yakikaribia taa, zimeni swichi kuu kwanza.

Katika mabati ya zamani, kasoro mara nyingi imo kwenye misumari: mpira wake umekauka na kupasuka, au msumari ulipigiliwa bondeni mwa bati, yanakopita maji, badala ya mgongoni. Kubadilisha misumari ni nafuu kuliko kuezeka upya. Bati lililoliwa na kutu, hata hivyo, halifai kupakwa lami kila mwaka, libadilishwe. Mnaponunua, kumbukeni kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba hizi huwahadaa wengi, nasi twaona ni wajibu wa muuzaji kulieleza jambo hilo hata asipoulizwa. Tazameni alama ya ubora ya TBS, mdai na risiti.

Kwa fundi, andikianeni kazi itakayofanywa. Bakizeni sehemu ya malipo hadi paa limwagiwe maji, kuanzia chini kwenda juu, nanyi mko ndani mkitazama. Rangi isubiri hadi ukuta na dari vikauke kabisa.