Pesimeka Inapokosea: Mada kwa Matabibu na Wauguzi wa Nakuru



Pesimeka ya kwanza kuzikwa ndani ya mwili wa binadamu, aliyotiwa Arne Larsson huko Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, ilinyamaza baada ya saa chache tu, na tabibu Åke Senning pamoja na mhandisi Rune Elmqvist wakalazimika kumtilia ya pili. Lakini mgonjwa huyo, ambaye katika maisha yake alibadilishiwa mashine zaidi ya 20, aliishi hadi mwaka 2001, wakati tabibu na mhandisi huyo wote wawili walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Naanza na kisa hiki kwa makusudi, kwani kinadhihirisha kuwa hitilafu ya pesimeka si ajabu wala si aibu, na kwamba Larsson alisalimika kwa kuwa alikuwa karibu na watu wa kuigundua.

Hapa kwetu ukaribu huo ni adimu. Mgonjwa wa Molo au Subukia aghalabu hutiwa pesimeka Nairobi au Eldoret, kisha hurejea kwake akiwa na afya njema na kadi ndogo mfukoni, na maadam hasikii maumivu, haoni sababu ya kupanda matatu kwenda mbali kuuliza habari za chuma kisichomsumbua. Siku akizirai shambani, huenda akaambiwa ana kifafa. Na kadi ile, ambayo wengi huipoteza, ina thamani kubwa, kwa kuwa ndiyo inayotaja kiwanda, na kompyuta ya kusemezana na pesimeka hufahamu vifaa vya kiwanda chake tu.

Watu hudhani kwamba ubovu wote ni wa betri. Betri hudumu miaka kadhaa, mara nyingi saba hadi kumi au zaidi, na hufifia kwa taratibu. Kiungo dhaifu hasa ni waya. Katika wiki za mwanzo waya huweza kuchomoka mahali pake, na umeme wake ukikishtua kiwambo cha pumzi mgonjwa huweza kushikwa na kwikwi isiyokoma. Wako pia wanaokichezea kifaa chini ya ngozi, wakikigeuzageuza bila kujua, hata waya ukajisokota na kuvutwa nje ya moyo. Baada ya miaka, waya uliopitishwa baina ya mtulinga na ubavu wa kwanza huweza kubanwa na kukatika, na sina budi kumfikiria mkulima wa viazi ainuaye jembe kutwa: aulizwe kabla ya kupasuliwa ni mkono upi unaomlisha.

Kuna na hitilafu isiyo ya uharibifu. Pesimeka husikiliza moyo, na isikiapo kelele ya umeme hudhani moyo unapiga, ikanyamaza kwa adabu wakati inapohitajiwa. Kwa hiyo fundi wa jua kali anayechomelea vyuma asirudi kazini bila ya ushauri, na mwenye pesimeka asishike nyaya za umeme zinazoizunguka Mbuga ya Ziwa Nakuru. Ama simu, ambayo watu huiogopa kupita kiasi, yatosha iwekwe umbali wa sentimita 15 na kifua.

Nasisitiza jambo moja: kabla ya kumpakia mgonjwa garini, tunayo mengi ya kufanya hapa hapa. Picha ya eksirei huonyesha waya uliokatika au uliohama. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mshindo wa pesimeka usiofuatwa na pigo. Na sumaku, ikiwekwa juu ya pesimeka zilizo nyingi, huzifanya zipige kwa mwendo mmoja uliopangwa na kiwanda, mwendo ambao hubadilika betri ikaribiapo kwisha. Illa tahadhari: kifaa cha kushtua moyo hufanana nayo kwa nje, na sumaku huzima mshtuo wake.

Bei nayo ni balaa. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Michigan kimejaribu kusafisha pesimeka zilizotolewa kwa marehemu ili watiwe wagonjwa wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Betri ya namna hiyo imekwisha kuliwa kidogo. Basi mgonjwa wake aandikiwe tarehe ya kupimwa kabla hajatoka mlangoni, na ndugu yake mmoja afundishwe kuhesabu mapigo ya mkono kwa dakika nzima, ili yakishuka chini ya idadi ya chini iliyopangiwa pesimeka hiyo, aje kwetu siku ile ile.